Tunguu limeota, ua halikuja: kutafuta chanzo cha matatizo ya maua ya majira ya kuchipua

Tulipu ikitoa majani mapana bila ua, wengi hukimbilia mfuko wa mbolea. Uache kwanza. Ua unalolisubiri mwezi huu liliumbwa mwaka jana ndani ya tunguu, ile sehemu iliyo kama kitunguu inayopandwa ardhini, na pengine lilikuwa tayari limo siku ulipolinunua. Mbolea ya leo hailirudishi. Tulipu, narsisi, hiasinti, krokasi na jamaa zao wote wako hivyo: dalili huonekana majira ya kuchipua, lakini kisa chenyewe kilianza zamani, ama katika wiki zile baada ya maua ya mwaka uliopita, ama ghalani, ama siku ya kupanda, ama katika baridi ambayo haikutosha. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa yoyote, chukua uma wa bustani na kisu.

Chimba moja kwanza

Chagua mmea ulioharibika na mwingine wa jirani ulio mzima, ili uwe na cha kulinganisha. Ingiza uma mbali kidogo na shina, sentimita 15 hivi, uinue bonge zima la udongo. Likung'ute tunguu, kisha ulibonyeze kwa kidole gumba kwenye kitako, pale mizizi inapotokea. Tunguu hai huwa zito kuliko linavyoonekana na halibonyei. Kitako kikiwa kimelegea na kimegeuka kahawia, ugonjwa upo. Likiwa jepesi kama ganda tupu, limekauka au limeliwa ndani.

Sasa likate wima kutoka nchani hadi kitakoni. Tunguu zima la tulipu likikatwa mwishoni mwa vuli, majira yanayotangulia baridi, huonyesha magamba meupe yaliyobanana na, katikati, kichipukizi chenye rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Kichane polepole kwa ncha ya sindano: ndani ya vijani utakuta petali sita ndogo zimezifunika stameni sita, vile vijiti vyenye chavua, zote zimekamilika, zinasubiri kurefuka tu. Kama mahali pake pana kitu cheusi kilichonyauka, ua lilikufa ghalani. Kama pana majani matupu, tunguu lilikuwa dogo mno kuzaa. Unapoteza tunguu moja, lakini unaacha kubahatisha.

Vaa glavu unapofanya kazi hii. Vumbi la hiasinti huwasha ngozi vibaya, na utomvu wa narsisi huleta upele kwa watu wengi. Narsisi na hiasinti ni sumu zikiliwa, na mtu asiyejua anaweza kudhani ni vitunguu vya kupikia. Usiziweke jikoni.

Hakuna kilichoota kabisa

Ukichimba na kukuta shimo tupu, mwizi ni mnyama, tutamfikia. Ukikuta ganda lenye uji unaonuka, maji yalituama. Ukikuta tunguu gumu lenye mizizi na ncha iliyoanza kupanda, huna tatizo, una haraka. Lifukie.

Kesi inayochanganya watu ni tunguu gumu lisilo na mizizi. Mizizi hutoka udongo ukiwa umepoa na una unyevu, takriban chini ya nyuzi joto 15 za Selsiasi. Ukipanda udongo ungali moto, tunguu hukaa tu likisubiri, na kuvu hupata nafasi ya kulishambulia. Ukipanda udongo ukiwa mkavu kama vumbi, hukaa vilevile. Ndiyo sababu kupanda hufanywa vuli: Septemba hadi Novemba katika nusu ya kaskazini ya dunia, Machi hadi Mei katika nusu ya kusini. Narsisi hupenda kutangulia, maana mizizi yake huchukua muda mrefu kukua. Tulipu inaweza kungoja hadi mwisho wa Novemba bila kudhurika, na kuna faida ya kuingoja, kama tutakavyoona kwenye magonjwa. Na mara baada ya kupanda, mwagilia maji, hata kama mawingu yametanda. Mvua ikichelewa wiki tatu, mizizi nayo imechelewa wiki tatu.

Kina cha shimo ni mara 3 ya urefu wa tunguu. Kwa tulipu, narsisi na hiasinti utaangukia sentimita 15 hadi 20. Kwa krokasi, na kwa maskari ambayo nayo ni maua madogo ya matunguu, 8 hadi 10. Kuligeuza tunguu kichwa chini si maafa watu wanavyodhani, kwani chipukizi hujipinda na kupanda juu, ila huchelewa na kutoka limechoka. Usipoijua ncha, lilaze ubavu.

Kuhusu maji yanayotuama: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakikauka lijaze tena. Kama mara ya pili maji bado yamo baada ya saa kadhaa, usipande hapo. Inua tuta, au changanya changarawe ndogo na mboji katika eneo zima la kupandia. Ule ushauri unaorudiwa kila mahali, wa kuweka tabaka la changarawe chini ya kila tunguu ndani ya udongo wa mfinyanzi, mimi siukubali. Shimo lenye kuta za mfinyanzi hubaki kuwa beseni, ukiweka changarawe usiweke, na maji ya pande zote huteremkia humo.

Majani tele, ua hakuna

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo lenye majibu mengi. Tenganisha kwanza: ni narsisi au ni tulipu? Sababu zake hazifanani.

Narsisi huanza kuumba ua la mwakani karibu mara tu baada ya la mwaka huu kunyauka, ikiwa bado iko ardhini na majani yake yangali mabichi. Wiki hizo ndizo zinazoamua kila kitu. Na ndizo wiki ambazo mwenye bustani huona majani yamelala ovyo, yanachukiza macho, akayafyeka au kuyafunga mafundo mazuri kama nywele za mwanafunzi. Jani lililofungwa fundo halipati jua la kutosha. Umelifyeka kwa adabu tu. Yaache angalau wiki 6 baada ya ua kunyauka, ikiwezekana hadi yawe ya manjano na yang'oke yenyewe ukiyavuta. Kama sura yake inakukera, panda mbele yake mimea mingine itakayokua na kuyaficha. Kichwa cha ua kilichonyauka kikate ili mmea usipoteze nguvu kwenye mbegu, lakini bua la kijani liache, nalo linatengeneza chakula.

Je, majani hayakuguswa, na bado hakuna ua? Angalia hali ya hewa ya mwaka jana. Ukame uliopiga mara baada ya maua unatosha kuua ua la mwaka unaofuata, na hapa ndipo ndoo chache za maji zina thamani kuliko mfuko wa mbolea. Angalia pia kivuli. Mti uliokuwa mdogo ulipopanda huenda sasa umefunika kitalu chote. Miti inayopukutisha majani haina neno, kwa kuwa narsisi humaliza sehemu kubwa ya kazi kabla miti haijavaa majani mapya. Miti ya kijani mwaka mzima ndiyo inayonyima.

Kisha msongamano. Shada lililotoa maua mazuri miaka minne au mitano halafu likapungua mwaka hadi mwaka, huku majani yakiongezeka na kuwa membamba, limejaa. Matunguu yamezaana, yanagombania maji na chakula. Subiri majani yageuke manjano, inua shada zima, tenganisha kwa mkono yale yanayoachana bila kulazimishwa, na uyapande tena mbalimbali, nafasi ya upana wa matunguu mawili au matatu. Makubwa yatachanua mwaka unaofuata. Vitoto vitahitaji miaka miwili au mitatu, basi vitafutie kona yao pembeni. Mkiwa kwenye kazi hiyo angalia kina pia: narsisi zilizopandwa juujuu hugawanyika haraka kuwa vitoto visivyochanua.

Mbolea inaweza kuwa chanzo, tena kwa kuzidi. Narsisi iliyopandwa kwenye nyasi zinazopewa mbolea ya naitrojeni hunenepa majani na kusahau maua. Kama unataka kulisha, toa mbolea yenye potasiamu nyingi wakati majani yanachomoza na tena mara baada ya maua. Kulisha mmea unaokauka ni kulisha magugu.

Sababu ya mwisho ni nzi wa narsisi, ambaye kwa macho hufanana na nyuki mnene mwenye manyoya. Hutaga mwanzo wa kiangazi kando ya shingo ya tunguu, akipitia tundu linaloachwa na majani yanayokufa. Funza huingia kupitia kitakoni, mara nyingi mmoja tu kwa tunguu, na kula katikati, yaani hasa pale ua lilipo. Tunguu halifi, mwaka unaofuata hutoa vijani vyembamba kama nyasi. Ukilikata utakuta uchafu wa kahawia kama tope na funza mnene wa rangi ya malai. Liharibu, usilitupe kwenye mboji. Kuzuia ni rahisi: majani yakishaisha, shindilia udongo kwa kisigino au palilia juujuu kuziba yale matundu.

Tulipu ni habari nyingine kabisa. Tunguu ulilopanda vuli haliishi kuona mwaka wa pili. Hutumika lote, na nafasi yake huchukuliwa na watoto kadhaa wanaokua kando yake. Kama hali ni njema, mmoja wao hufikia ukubwa wa kuchanua. Kama si njema, unabaki na kundi la wadogo, na kila mmoja hutoa jani moja pana, basi. Jani moja pana kutoka ardhini ni saini ya tunguu dogo, usitafute ugonjwa.

Hali njema kwa tulipu ni ile ya asili yake, milima na nyika za Asia ya Kati: majira ya baridi makali, kuchipua kwenye unyevu, kisha kiangazi kikavu chenye jua kali. Kitalu kinachomwagiliwa kiangazi chote kwa ajili ya maua mengine ni adui wa tulipu. Unaweza kung'oa matunguu majani yakishakauka, ukayahifadhi mahali pakavu penye hewa na kuyapanda tena vuli ukichagua yale makubwa tu. Matunguu huuzwa kwa kipimo cha mzingo wake, na yenye sentimita 12 au zaidi ndiyo ya kutegemea. Unaweza pia kuchagua aina zinazodumu: chotara za kundi la Darwin, au tulipu za mwituni kama Tulipa tarda na Tulipa clusiana, ambazo zikipapenda mahali huongezeka zenyewe. Lakini zile tulipu kubwa za mapambo, zenye petali zilizokunjamana na rangi za ajabu, ni bora kuzihesabu kuwa za mwaka mmoja na kununua nyingine. Bustani nyingi za umma hufanya hivyo hivyo, na huonekani mvivu ukiwafuata.

Ua limefunguka chini, limekwama kati ya majani

Hii huonekana zaidi kwa hiasinti na tulipu. Bua halikurefuka, na ua limefunguka karibu na udongo. Baridi haikutosha. Matunguu haya huhitaji wiki nyingi za ubaridi mfululizo, nyuzi joto 2 hadi 9, ili bua lipate uwezo wa kurefuka: tulipu wiki 12 hadi 16, hiasinti 10 hadi 14 hivi. Majira ya baridi yaliyokuwa na joto kuliko kawaida yanatosha kuleta tatizo hili hata mahali ambapo halijawahi kuonekana.

Mahali pasipo na baridi kabisa, friji ndiyo majira ya baridi. Weka matunguu kwenye mfuko wa karatasi wenye matundu, kwenye sehemu ya mboga na si ya kugandisha, uhesabu wiki, kisha uyapande moja kwa moja kwenye udongo uliopoa kivulini. Usiyapumzishe kwenye joto katikati, maana ubaridi uliokusanywa unaweza kupotea. Na humo kwenye friji pasiwe na tofaa, ndizi wala tunda lolote linaloiva. Matunda hutoa gesi ya ethilini, nayo huliua ua likiwa ndani ya tunguu. Ukija kuona tunguu gumu, zito, lenye kijiua cheusi kilichonyauka katikati, jiulize lilikaa na nini.

Anayechoshwa na hesabu hizi apande narsisi nyeupe za karatasi, Narcissus papyraceus. Hazidai baridi.

Tumba limekauka kabla ya kufunguka, au bua limeanguka

Tumba lililofika nusu ya safari likawa kama karatasi ya kahawia lilikosa maji, au lilikutana na joto la ghafla. Kwenye vyungu hutokea sana: mtu hutoa chungu kwenye ubaridi na kukiweka siku hiyohiyo kwenye chumba chenye joto. Kipitishe kwanza mahali pa nyuzi joto 15 hivi mpaka tumba lionekane vizuri.

Bua la tulipu likianguka, liangalie lilipokunjika. Doa linaloonekana kulowa maji, kama limechemshwa, ni upungufu wa kalisi ndani ya bua, jambo la kawaida kwa mimea iliyoharakishwa kwa joto. Bua refu jembamba lililoinama upande mmoja linatafuta mwanga.

Majani yaliyopinda, yenye madoa

Hapa fanya haraka. Tulipu ikitoka ardhini ikiwa imepinda, majani yamekunjamana kana kwamba yamebabuliwa na moto, yana madoa ya kahawia, na siku za mvua yanaota ukungu wa kijivu, huo ni ugonjwa wa kuvu iitwayo Botrytis tulipae. Huenea kutoka mmea hadi mmea kwa matone ya mvua. Ng'oa mmea pamoja na tunguu, uweke kwenye mfuko papo hapo na kuutupa; si kwenye mboji. Menya ganda la nje la tunguu na utaona vijipunje vyeusi vidogo: hivyo ndivyo kuvu inavyojihifadhi udongoni. Usipande tulipu hapo kwa miaka 3. Na hii ndiyo faida ya kupanda tulipu mwezi Novemba: baridi ya udongo hupunguza nguvu za kuvu hii.

Usiichanganye na jeraha la barafu. Barafu hubabua ncha za majani katika kitalu chote kwa usiku mmoja, na majani yanayofuata hutoka safi. Ugonjwa huanza sehemu moja na kutambaa.

Kwa narsisi, pitisha vidole juu ya jani. Ukihisi vivimbe vidogo vya manjano, hata kabla macho hayajaviona vizuri, likate tunguu kwa upana. Miduara ya kahawia iliyofuata magamba, moja ndani ya nyingine, ni kazi ya nematodi, minyoo isiyoonekana kwa macho. Wakulima wakubwa huyaloweka matunguu kwenye maji ya nyuzi joto 44.4 kwa saa 3. Nyumbani ni vigumu kushikilia kipimo hicho. Kikizidi unapika, kikipungua unawapa minyoo josho. Choma au tupa. Kama badala ya miduara unaona uozo wa rangi ya kahawia iliyoiva unaopanda kutoka kitakoni, hiyo ni kuvu ya Fusarium, ipendayo udongo wa joto na matunguu yaliyojeruhiwa wakati wa kuchimbwa.

Ukungu wa bluu juu ya ganda la tunguu lililotoka dukani hauna uzito huo. Kama tunguu ni gumu, lifute kwa kitambaa kikavu ulipande.

Rangi moja imegeuka mistari

Tulipu nyekundu iliyokuwa ya rangi moja, mwaka huu ina miali myeupe, na wenzake wa aina ileile hawana. Inapendeza, na ni virusi. Ndiyo iliyofanya Uholanzi ya karne ya 17 ipandwe na wazimu wa kununua matunguu, hadi soko lilipoanguka Februari 1637. Sababu yenyewe ilianza kueleweka mwaka 1928, mwanasayansi Dorothy Cayley alipoonyesha kwamba mistari huambukizwa kutoka tunguu moja hadi jingine. Vidukari ndio wanaoibeba. Mmea hudhoofika kila mwaka, na jirani zake humfuata. Ung'oe. Tulipu zenye mistari zinazouzwa siku hizi zimezalishwa hivyo kwa kurithi, hazina ugonjwa. Ile iliyobadilika yenyewe kitaluni ndiyo ya kutilia shaka.

Wezi

Kindi na panya huvutwa na udongo uliotifuliwa juzi. Shindilia, ondoa maganda yaliyodondoka juu, kisha laza wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5, mimea itapenya, wao hawatapenya. Unga wa mifupa unaotumiwa kama mbolea uache: mbwa huunusa na kufukua kitalu kizima. Tulipu na krokasi ndizo zinazoliwa zaidi. Narsisi hawaigusi kwa ile sumu yake, kwa hiyo bustani iliyozungukwa na panya ipandwe narsisi.

Yametoka mapema, au yamesahaulika

Majani yakichungulia katikati ya majira ya baridi, yaache. Yanastahimili barafu, na ua bado liko chini salama. Kinyume chake ni mfuko wa matunguu uliosahaulika stoo na kugunduliwa Januari. Yabonyeze, yaliyo magumu yapande leo hata kama ardhi ni baridi, mradi haijaganda. Yatachanua kwa kuchelewa na kwa mabua mafupi. Kuyaweka hadi vuli ijayo hakufai, kwa sababu tunguu lililo nje ya udongo hujila lenyewe, na kufikia Septemba utabaki na maganda.